Kuongeza nguvu ya sauti kwenye mradi wa mikrokontrola: kutoka pini hadi sikioni

Umeunga spika kwenye pini namba 8, programu imepanda bila kosa, na ukiinamisha sikio mezani unasikia mlio. Ukirudi nyuma hatua tatu, kimya. Spika ni nzima, waya ziko sawa, lakini sauti ni ya nzi aliyefungiwa kwenye chupa.

Wengi hapo hukimbilia kununua amplifaya. Nakuomba usubiri kidogo. Sauti ya mradi mdogo hupotea mahali pengi kabla haijamfikia mtu: kwenye namba zilizo ndani ya programu, kwenye pini, kwenye kapasita, kwenye waya wa umeme, kwenye hewa iliyo nyuma ya spika, hata kwenye masikio ya msikilizaji mwenyewe. Ukiongeza amplifaya bila kujua sauti inapotelea wapi, utapata mpasuko mkubwa badala ya sauti kubwa. Kwa hiyo nimezipanga hatua hizi kuanzia zile zisizogharimu kitu, na miradi mingi niliyoishika ilipona kabla hatujafika kwenye transista.

Mifano yangu mingi ni ya Arduino Uno, yenye pini za volti 5. Kwa ESP32, bodi nyingine ya mikrokontrola, kumbuka kwamba pini hutoa volti 3.3 tu, kwa hiyo sauti ya moja kwa moja itakuwa ndogo zaidi.

Hesabu ya pini

Kabla ya kushika waya wowote, fanya hesabu moja. Spika ya kawaida ya mradi ni ya omu 8. Ukiiweka moja kwa moja kati ya pini ya volti 5 na graundi, inadai volti 5 kugawa kwa omu 8, yaani miliampea 625. Pini ya Uno inatakiwa kutoa miliampea 20, na 40 ndiyo ukomo ambao mtengenezaji anasema usivukwe kabisa. Kwa hiyo pini inazidiwa, volti zake zinaporomoka, na chipu inapata joto. Inaweza kuvumilia siku kadhaa kisha pini hiyo ife kimyakimya, ukabaki unatafuta kosa kwenye programu ambalo halipo.

Ndiyo maana wanaojali chipu zao huweka rezista ya omu 220 mfululizo na spika. Sasa mkondo ni 5 kugawa kwa 228, karibu miliampea 22. Ni salama, lakini tazama kinachobaki. Wimbi la mraba kutoka pini linakwenda kati ya sifuri na miliampea 22, haliendi upande wa hasi. Nusu yake ni mkondo wa moja kwa moja unaosukuma karatasi ya spika upande mmoja na kuiacha hapo, hautoi mlio wowote. Kinachotikisa hewa ni miliampea 11 kwenda na kurudi, na kwenye omu 8 hiyo ni kama miliwati 1.

Miliwati 1. Hapo ndipo unapoanzia, na hakuna mstari wa programu utakaoibadilisha hesabu hiyo.

Jambo la pili la kuliweka kichwani ni tabia ya sikio. Kuongeza nguvu mara mbili ni desibeli 3 tu, badiliko ambalo mtu hulitambua bila kushtuka. Ili msikilizaji aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo usihangaike kubadilisha rezista ya 220 kwa ya 180. Tafuta mabadiliko makubwa.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho mkononi

Vitu vitatu hufanana kwa mbali: spika ya koili, baza ya piezo (kisahani kinachotikisika kikipewa volti) isiyo na saketi ndani, na baza yenye saketi yake inayolia yenyewe. Kila kimoja kinataka kuendeshwa kivyake.

Weka multimita kwenye omu. Spika ya omu 8 itasoma kama 6 hadi 7.5, kwa kuwa mita inapima waya wa koili tu. Piezo haisomi kitu, ni kama waya umekatika. Kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: spika nzima hutoa "tak" ya wazi na karatasi yake hujongea. Isipojongea, koili imekatika au imekwama, na hapo hakuna amplifaya itakayokusaidia.

Baza yenye saketi yake utaitambua ukiipa volti 5 na graundi bila programu: italia yenyewe mfululizo. Ukiiendesha kwa tone(), amri ya Arduino ya kutoa mlio, inakwaruza na kufifia, kwa sababu unaiwasha na kuizima katikati ya mlio wake. Iwashe kwa digitalWrite na kuiacha, utashangaa ilivyokuwa na nguvu tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Ipe spika boksi

Kama utafanya hatua moja tu kati ya zote, fanya hii. Nimekuta watu wenye elimu nzuri ya elektroniki wakilalamikia amplifaya ya wati 3 huku spika ikiwa uchi mezani, imeshikwa na waya mbili.

Karatasi ya spika inapokwenda mbele inaibana hewa ya mbele na wakati huohuo inaivuta ya nyuma. Ikirudi, kinyume chake. Spika ikiwa uchi, hewa iliyobanwa mbele inazunguka ukingo kwa wepesi na kujaza pengo la nyuma. Pande mbili zinauana, hasa kwa sauti nzito, kwa sababu mawimbi yake ni marefu na ukingo wa spika ndogo si kizuizi kwake. Unachosikia ni mabaki membamba ya sauti za juu.

Jaribu sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Chukua boksi la karatasi ngumu, kata tundu la duara linalolingana na karatasi ya spika, si na fremu yake yote. Cheza mlio wa hezi 600 spika ikiwa mkononi. Halafu, bila kuuzima, ikandamize spika kwenye tundu kutoka ndani. Sauti inajaa ghafla, kama mtu aliyekuwa anaongea akiwa amekupa mgongo kisha akageuka. Umeme ni uleule, miliwati ileile.

Ukishalisikia hilo, tengeneza kasha la kudumu kwa uangalifu. Bandika ukingo wa spika kwa gundi au sponji nyembamba ili hewa isipenye pembeni. Ziba tundu la waya. Plastiki nyembamba hutetemeka yenyewe na kuila sauti, kwa hiyo weka kipande cha mbao au plastiki nene kwenye upande unaobeba spika. Na matundu ya mbele yawe mengi: vitundu vitano vya milimita 2 mbele ya spika ya milimita 40 ni sawa na kumziba mtu mdomo kwa kiganja.

Piezo nayo inapenda kasha, lakini kwa namna yake. Kidude cha piezo kilicho wazi, kile kisahani cha shaba, hakina sauti hadi kibandikwe kwenye ukingo wa kikopo kidogo au uso mwepesi unaoweza kutikisika nacho.

Hatua ya 3: Tafuta masafa yanayosikika

Sikio la binadamu linasikia vizuri zaidi kati ya kilohezi 2 na 5. Spika ndogo nayo haina uwezo wa chini: nyingi za milimita 40 hudhoofika sana chini ya hezi 400 au 500. Mlio wa kengele uliouweka hezi 200 kwa sababu "unasikika mzito" unapotea mara mbili.

Acha kifaa chenyewe kikuambie kinapolia zaidi:

for (int f = 300; f <= 4500; f += 100) {
  tone(8, f);
  Serial.println(f);
  delay(400);
}
noTone(8);

Mzunguko mmoja unachukua kama sekunde 17. Kaa mbali kwa umbali ambao mradi utasikilizwa, usikae juu ya meza, na andika namba ambapo mlio unaruka juu. Piezo ina kilele kikali, mara nyingi karibu na hezi 2,700 au 4,000, na ukisogea hezi mia chache tu kutoka hapo unapoteza nguvu nyingi. Mlio wa vipande (milisekunde 200 unalia, 100 kimya) pia hunasa usikivu kuliko mlio mmoja mrefu.

Lakini hapa kuna tahadhari niliyoilipia kwa wiki mbili. Nilimtengenezea mama kikasha cha kumkumbusha saa ya dawa. Piezo yangu ilikuwa na kilele cha hezi 4,000, nikaiweka hapo hapo. Watoto waliokuwa chumba cha pili walikuja kuuliza ni kitu gani kinachopiga kelele. Mama alikuwa amekaa nacho mezani, anasoma, hajainua hata kichwa. Nikaongeza transista. Nikaongeza volti. Watoto wakaziba masikio, mama akaendelea kusoma.

Masikio yanapozeeka hupoteza sauti za juu kwanza. Sikujua kuunganisha jambo hilo na piezo yangu. Nilipoweka spika ndani ya kasha la mbao na kushusha mlio hadi karibu hezi 520, alisema, "Hiyo sasa naisikia, mwanangu." Baadaye nilijifunza kwamba watengenezaji wa ving'ora vya moshi walikutana na tatizo hilihili: king'ora cha kawaida hulia karibu hezi 3,100, na kanuni za moto za Marekani sasa zinadai wimbi la mraba la hezi 520 sehemu za kulala za majengo kama hoteli, kwa kuwa linaamsha watu wenye usikivu hafifu vizuri zaidi. Kwa hiyo kabla hujachagua masafa, uliza nani atasikiliza. Wimbi la mraba la hezi 520 lina faida nyingine: linabeba pia hezi 1,560 na 2,600 juu yake, hivyo hata spika ndogo inalitoa.

Hatua ya 4: Kagua namba zenyewe

Hii ni kwa wanaocheza sauti iliyorekodiwa, maneno au muziki, si milio tu.

Sampuli za biti 8 huenda kutoka 0 hadi 255, na kimya ni 128. Chapisha namba kubwa na ndogo kabisa katika data yako. Ukikuta zinacheza kati ya 96 na 160, basi unatumia umbali wa 32 kutoka katikati wakati ungeweza kutumia 127. Ni robo ya kimo cha wimbi, na nguvu ni moja ya kumi na sita. Desibeli 12 zimebaki kwenye faili.

Fungua faili katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, lisawazishe ili kilele kifike desibeli 1 chini ya ukomo. Kwa maneno ya binadamu nenda mbali zaidi: tumia kompresa ya sauti, ambayo hupunguza vilele vichache vikali ili sehemu nyingine zote zipandishwe. Kata pia kila kilicho chini ya hezi 300. Spika yako haiwezi kukitoa, na kinachukua nafasi ambayo silabi zingeitumia. Mtu anayesema "mlango uko wazi" ataeleweka vizuri zaidi bila ile ngurumo ya chini.

Usipandishe kwa kuzidisha namba ndani ya programu bila kuweka ukomo. Namba ya biti 8 ikipita 255 inarudi sifuri, na unapata mlipuko wa kelele badala ya sauti.

Wanaotumia DFPlayer Mini, moduli ya kucheza faili za MP3, wakague kwanza amri ya sauti: inakwenda kutoka 0 hadi 30, na mifano mingi ya programu huiweka 10 au 15. Moduli hiyo ina amplifaya yake ndani, kwa hiyo spika yake unaiunga SPK1 na SPK2 moja kwa moja.

Hatua ya 5: Pini mbili badala ya moja

Kwa piezo pekee, kuna hila nzuri sana. Badala ya pini moja na graundi, weka piezo kati ya pini mbili zinazopishana: moja ikiwa juu, nyingine iko chini, kisha zinabadilishana. Piezo sasa inaona tofauti ya volti 10 kutoka kilele hadi kilele badala ya 5, na hiyo ni desibeli 6 bila kununua chochote. Maktaba ya toneAC inafanya hivi kwenye Uno kwa pini 9 na 10. Piezo haili mkondo mwingi, lakini rezista ya omu 100 mfululizo bado ni busara.

Hatua ya 6: Transista

Sasa umefika mahali ambapo spika inahitaji mkondo ambao pini haina. Kwa milio ya wimbi la mraba, transista moja ya NPN inatosha. Nachagua 2N2222. BC547 ina ukomo wa miliampea 100, na saketi hii itapita hapo.

Unga hivi. Kutoka volti 5 nenda kwenye rezista ya omu 22, kisha spika, kisha kolekta ya transista. Emita iende graundi. Kutoka pini ya mikrokontrola nenda kwenye rezista ya omu 470, kisha besi. Weka rezista ya kiloomu 10 kati ya besi na graundi ili transista ibaki imefungwa wakati mikrokontrola inajiwasha. Halafu diodi, 1N4148 au 1N4007, sambamba na spika, mstari wake ukielekea upande wa volti 5. Koili inapokatiwa mkondo hurudisha volti kali, na diodi ndiyo inayozimeza badala ya transista.

Hesabu zake: volti 5 kutoa 0.2 zinazobaki kwenye transista, kugawa kwa omu 30, ni miliampea 160. Besi inapata 4.3 kugawa kwa 470, kama miliampea 9, ambayo inatosha kuifungua transista kikamilifu na bado pini iko salama. Kwenye spika sasa kuna miliampea 80 kwenda na kurudi, yaani miliwati 51. Kutoka 1 hadi 51 ni desibeli 17. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kusikia mezani na kusikia chumba cha pili. Rezista ya 22 iwe ya nusu wati au zaidi, maana itapata joto.

Mtego mkubwa wa transista hii ni miguu yake. Ile yenye maandishi PN2222A, ukiigeuza uso bapa ukuelekee na miguu chini, ina emita, besi, kolekta kutoka kushoto. Ile yenye P mbele na namba 2N2222A, yaani P2N2222A, ni kinyume: kolekta, besi, emita. Ukizigeuza, saketi haiungui na wala hainyamazi, inalia kwa unyonge, na ndiyo maana kosa hili linachelewa kugunduliwa. Soma maandishi kwa kioo cha kukuzia au pima kwa mita.

Na kila mlio umalizike kwa noTone(). Pini ikiachwa juu, spika inakaa na mkondo wa moja kwa moja, inapata joto bila kulia.

Hatua ya 7: Amplifaya halisi

Maneno na muziki havipiti vizuri kwenye transista ya kuwasha na kuzima. Hapa amplifaya ina kazi yake, na kosa la kawaida ni kuipa ishara kubwa mno.

Tuchukue LM386, chipu ndogo ya amplifaya. Kwa hali yake ya kawaida hukuza mara 20. Ukiipa volti 5 za pini moja kwa moja, inajaribu kutoa volti 100 huku imelishwa volti 5. Matokeo ni mpasuko mtupu, na watu husema chipu ni mbovu. Inapolishwa volti 5 inahitaji kama volti 0.2 tu kutoka kilele hadi kilele. Kwa hiyo njia ya ishara iwe hivi: pini, rezista ya kiloomu 1, kapasita ya nanofaradi 22 kwenda graundi, halafu kapasita ya nanofaradi 100 mfululizo, rezista ya kiloomu 100, kisha potenshomita ya kiloomu 10 yenye mguu wa pili kwenye graundi. Mguu wa katikati unaingia mguu wa 3 wa chipu. Mguu wa 2 na wa 4 graundi, wa 6 umeme, wa 5 ndio unaotoa sauti.

Kiloomu 1 na nanofaradi 22 ni kichujio kinachoanza kukata karibu hezi 7,200, ili ule mtetemo wa haraka wa pini, ambayo huiga volti za kati kwa kuwaka na kuzima upesi, usiingie kwenye amplifaya. Lakini kichujio kina kazi tu kama mtetemo huo uko juu sana. analogWrite() ya Uno hutetemeka kwa hezi 490 kwenye pini nyingi, yaani katikati kabisa ya sauti ya binadamu, na hakuna kapasita itakayoiondoa bila kuondoa maneno. Panga taima ifike hezi 62,500, au tumia maktaba inayokufanyia hivyo. Na usiunge spika moja kwa moja baada ya kichujio hicho: kiloomu 1 mbele ya omu 8 inabakiza chini ya asilimia 1 ya volti.

Kati ya mguu wa 5 na spika lazima pawe na kapasita, na ukubwa wake ndio unaoamua wembamba wa sauti. Kwa spika ya omu 8, maikrofaradi 10 hukata kila kitu chini ya hezi 2,000 hivi. Maikrofaradi 100 hukata chini ya 200, na 220 chini ya 90. Weka 220. Weka pia rezista ya omu 10 na kapasita ya nanofaradi 47 mfululizo kutoka mguu wa 5 kwenda graundi, kuzuia chipu isijitetemeshe yenyewe. Kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8 hupandisha ukuzaji hadi mara 200. Iondoe. Ni kwa ajili ya maikrofoni. Mikrokontrola ina ishara ya kutosha, na utakuwa umekuza kelele tu.

Kwa kusema kweli, LM386 naipenda kwa kujifunzia. Ukitaka sauti kubwa kutoka volti 5, PAM8403 inaishinda mbali: hadi wati 3 kwa kila upande kwenye spika ya omu 4. Nayo hukuza desibeli 24, karibu mara 16, kwa hiyo igawie ishara kwanza: kiloomu 10 kutoka kwenye kichujio na kiloomu 1.2 kwenda graundi inatosha.

Ila spika ya PAM8403 haina upande wa graundi. Waya zote mbili zinaendeshwa, moja ikipanda nyingine ikishuka. Ukiunga mmoja wake kwenye graundi, au ukiunganisha hasi za kushoto na kulia pamoja kama kwenye tundu la hedifoni, umepiga shoti mdomoni mwa chipu. Hili limeua moduli nyingi kuliko kosa jingine lolote ninalolijua.

Kwa ESP32 ningeruka yote hayo niende MAX98357A, moduli ya amplifaya inayopokea sauti kama data ya I2S, yaani namba zinazotumwa kwa waya badala ya volti zinazopanda na kushuka. ESP32 ya kwanza ina kigeuzi cha biti 8, cha kugeuza namba kuwa volti, kwenye pini 25 na 26, lakini S3 na C3 hazina kabisa, na biti 8 zina mkwaruzo wake. MAX98357A ina pini ya GAIN: ukiiacha wazi ni desibeli 9, ukiiunga graundi ni 12, ukipitisha rezista ya kiloomu 100 kwenda graundi ni 15. Waya mmoja na rezista moja, umeongeza desibeli 6. Jingine linalosahaulika: moduli nyingi huchanganya kushoto na kulia kisha kugawa kwa mbili. Ukituma sauti upande mmoja tu, unapoteza nusu ya kimo. Tuma data ileile pande zote mbili. Nayo pia, waya za spika zisiguse graundi.

Hatua ya 8: Umeme

Amplifaya ya wati 3 haiwezi kutoa wati 3 kutoka kwenye waya mwembamba wa USB. Dalili ni rahisi: sauti inakuwa sawa kwa utulivu, kisha kila neno kubwa linakatika, au mikrokontrola inajiwasha upya. ESP32 huchapisha "Brownout detector was triggered" na kuanza tena. Pima volti kwenye miguu ya amplifaya yenyewe wakati wa kilele cha sauti, usipime kwenye chaja. Ukiona 4.3 badala ya 5, kasoro iko kwenye waya au chaja.

Lisha amplifaya moja kwa moja kutoka kwenye chanzo, si kupitia pini ya 5V ya bodi. Weka kapasita ya maikrofaradi 470 karibu kabisa na miguu yake ya umeme, na nyingine ya nanofaradi 100 kando yake. Graundi ya amplifaya na ya bodi zikutane kwenye chanzo, kila moja kwa waya wake. Zikifuatana kwenye waya mmoja, mkondo wa spika unaitikisa graundi ya mikrokontrola, na unasikia mikwaruzo kila taa inapowaka. Betri bapa ya volti 9 achana nayo. Haiwezi kutoa mkondo huu, na ndani ya dakika chache volti zake zimezama.

Zima kila kitu kabla ya kubadilisha waya, na anza na potenshomita ikiwa chini kabisa. Spika ya nusu wati kwenye amplifaya ya wati 3 huungua koili kabla hujaunusa moshi.

Kupanga mwisho

Weka mradi mahali utakapokaa, ndani ya kasha lake lililofungwa, na umwache mtu mwingine autumie. Wewe nenda chumba cha pili, funga mlango, usikilize. Mwombe apandishe potenshomita taratibu hadi usikie maneno yameanza kuchanika, kisha arudishe nyuma kidogo. Hapo ndipo mahali pake. Chora alama kwa kalamu ya wino mzito. Uache ulie kwa nusu saa, halafu gusa transista au chipu kwa kidole: joto la kuvumilika ni sawa, lakini kidole kikirudi chenyewe, shusha sauti au ongeza omu kwenye rezista ya spika, na urudie.